Kikombe cha Tatu

Kikombe cha kwanza nilikunywa kwa sababu nilikuwa nimewahi. Cha pili nilikunywa kwa sababu yeye alikuwa amechelewa. Cha tatu sikumbuki hata kama nilikiagiza. Nadhani mzee wa kahawa aliniona nilivyoikodolea macho ile kona, akanijazia bila kuulizwa, kwa ile huruma ambayo wauza kahawa wa Ngamiani wanayo kwa vijana wanaosubiri watu.

Ilikuwa Tanga, mwezi wa pili, jua limeshatua. Dele la shaba limekaa juu ya jiko dogo la mkaa, moshi unapanda wima kwa sababu hakuna upepo, na mzee anagonganisha vikombe viwili katika vidole vya mkono mmoja, ndiyo kengele yake ya kuwaita wapita njia. Kahawa ya Lushoto, imetiwa tangawizi, chungu kwelikweli. Nilikuwa na kashata ya karanga kiganjani, sijaiuma, imeanza kulowa jasho. Nilikuwa na miaka 24, na tangu chai ya asubuhi tumbo langu lilikuwa halijaona kitu, maana nani anakula siku kama ile?

Kisha akatokea. Baibui jeusi, kikuba cha asmini kifuani kikitikisika, harufu imemtangulia hatua mbili. Moyo ulinidunda hadi nikausikia masikioni. Viganja vikalowa, magoti yakawa si yangu. Nilipotaka kuweka kikombe chini, kikagonga ukingo wa baraza kwa mlio ambao kila aliyekuwapo aliusikia.

"Mbona watetemeka?" akaniuliza.

Nikamjibu ni baridi. Tanga, mwezi wa pili! Mzee wa kahawa aligeukia upande wa pili, mabega yakimtikisika.

Kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikiisimulia habari hii harusini, vijiweni, na kwa wanangu, kama ushahidi kwamba siku ile mwili ulijua kabla ya mwenye mwili. Mke wangu husikiliza akitabasamu, hasemi kitu. Mwaka huu daktari ameniambia nipunguze kahawa kwa sababu ya presha, na mimi ni mtu ambaye siwezi kuacha kitu kabla sijakisoma. Nikasoma. Nikafika mahali panaposema kwamba kafeini hufika kilele chake katika damu kati ya nusu saa na saa moja baada ya kunywewa. Nikaweka kitabu chini nikaanza kuhesabu. Kikombe cha kwanza, mara baada ya magharibi. Yeye kwenye kona, isha inakaribia. Vikombe vitatu, tumbo tupu, dakika 40 au 50.

Sikupenda nilikofikishwa na hesabu hiyo.

Kahawa ndiyo rahisi kuielewa, basi nianze nayo. Ubongo ukifanya kazi hutumia nishati, na nishati ikitumika huacha nyuma kitu kiitwacho adenosini. Hurundikana tangu unapofumbua macho. Juu ya chembe za ubongo kuna vipokezi vyake. Mimi naviona kama viti vya barazani. Kila adenosini anapokaa kitini husema neno moja tu: tulia. Asubuhi ni wachache, hawasikiki. Ikifika saa nne usiku viti vimejaa, baraza zima linasema tulia, na wewe kope zinakuwa nzito wala hujui nani kakuamuru.

Kafeini ni mgeni aliyefanana na adenosini umbo kiasi cha kupita mlangoni bila kuulizwa. Anaingia, anakalia kiti cha mwenyewe, ananyamaza. Hapo ndipo niliposhangaa. Maisha yangu yote nilidhani kahawa inasema amka. Haisemi chochote. Imekaa tu mahali pa yule anayesema lala. Uchovu haujaenda popote, uko nje umesimama, na kila dakika mwenzake mwingine anakuja kujiunga na foleni. Ini likishamsafisha mgeni, wenye viti wanaingia kwa mkupuo. Ndiyo ile saa tisa alasiri ambapo mtu aliyekuwa akichangamsha ofisi nzima analaza kichwa juu ya meza.

Na ubongo si mjinga. Ukiona viti vinakaliwa na wageni kila siku, unaongeza viti. Marehemu baba alikuwa akinywa vikombe vinne baada ya isha, na kabla mama hajamaliza kukunja mkeka yeye analala fofofo. Tulimwona ana mwili wa chuma. Kumbe ni baraza tu, lilipanuliwa kidogo kidogo kwa miaka 40.

Lakini hakuna aendaye kijiweni ili tu asilale. Watu hufuata ile nusu saa ambayo dunia inapendeza. Katika sehemu ya ubongo inayoshughulika na hamu na mwendo, viti vya adenosini vimepakana na viti vya dopamini, vingine bega kwa bega juu ya chembe ileile, na adenosini akikaa huishusha sauti ya jirani yake. Kafeini akimnyima kiti, dopamini aliyekuwapo siku zote anasikika vizuri zaidi. Hakuna aliyeongezwa, ila kelele imeondolewa. Tia hapo na adrenalini kidogo inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, na moyo unaongeza mwendo, mkono unakosa utulivu, ulimi unapata kasi. Ndiyo maana kijiweni Taifa Stars hushinda kila mechi, na kila mwenye kikombe anajua ni waziri gani wa kuondolewa kesho.

Moyo kwenda mbio, mkono kukosa utulivu. Unaona tatizo langu.

Kuna kisa kimoja ambacho ningekisoma kwenye hadithi ya kubuni ningesema mwandishi kazidisha. Mtu wa kwanza kuitenga kafeini kutoka kwenye buni alikuwa kijana wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, na aliyemkabidhi hizo buni ni Goethe. Mwaka 1819, mjini Jena, Runge alikwenda kwa mshairi huyo akiwa amebeba paka, amwoneshe jinsi tone la mmea uitwao beladona linavyoitanua mboni ya jicho. Neno lenyewe ni la Kiitaliano, maana yake mwanamke mrembo. Inasimuliwa kwamba wanawake walijitia tone hilo machoni kwa ajili ya urembo, na hawakukosea sana, kwani mboni hutanuka pia mtu anapomwangalia anayemtamani. Goethe alifurahi. Akampa kijana buni alizokuwa amejiwekea akamwambia, hebu na hizi zichunguze. Ndiye Goethe yuleyule ambaye mwaka 1774, akiwa na miaka 24, sawa na mimi pale Ngamiani, aliandika habari za kijana Werther anayejiua kwa ajili ya mapenzi. Yaani siri ya kahawa ilipita kwenye mkono wa mtaalamu wa mahaba kabla ya kufika maabara.

Na mapenzi? Hapa wanasayansi wamechelewa nyuma ya washairi kwa miaka elfu kadhaa, na vifaa vyao ni ghali zaidi. Mwaka 2005 Helen Fisher, Arthur Aron na Lucy Brown, wote wa Marekani, walichapisha pamoja na wenzao matokeo ya kuwalaza watu 17 ndani ya mashine ya MRI. Watu hao walikuwa wamependa hivi karibuni, kwa wastani miezi saba hivi, wakati ule ambapo mtu haambiliki. Walioneshwa picha ya mpenzi, kisha picha ya mtu mwingine wanayemfahamu lakini hawana habari naye. Katikati, ili akili itoke kwa mpenzi, walipewa namba kubwa wahesabu kinyumenyume kwa kutoa saba kila mara. Fikiria mateso hayo: umelazwa kwenye bomba linalonguruma, umetoka kumwona mwenzio, unaambiwa utoe saba.

Picha ya mpenzi ilipotokea, pakawaka kijisehemu kidogo chini ya ubongo, kwenye shina, ambapo dopamini hutengenezwa na kusambazwa. Ndicho chemchemi yenyewe. Na dopamini, tofauti na wanavyosema watu wa redio asubuhi, si kemikali ya raha. Ni ya kutaka. Humfanya mtu ainuke kitini, avuke barabara, asubiri kwenye kona vikombe vitatu.

Kwa hiyo wasemao kwamba kahawa ni kama mapenzi wana hoja, ila wameishika mkiani. Kahawa inaondoa kelele ili dopamini asikike. Mapenzi yanafungua chemchemi. Na kuna tofauti nyingine, mimi naiona ndiyo kubwa: kahawa haiulizi nani. Inywe na rafiki, inywe na mdai wako, mgeni anakalia kiti vilevile. Lakini kwenye mashine ile, picha ya mtu wa pili, umri uleule, jinsia ileile, pengine mzuri kuliko yule wa kwanza, chemchemi haikujali. Kati ya nyuso zote duniani ilikuwa imefunguka kwa uso mmoja. Kemia inaweza kunieleza mapigo. Haijanieleza kwa nini ni huyu.

Miaka sita kabla ya utafiti huo wa mashine, mwaka 1999, Donatella Marazziti na wenzake wa Pisa, Italia, walipima damu ya watu 20 waliopenda ndani ya miezi sita iliyopita, na sharti la kuingia kwenye utafiti lilikuwa uwe unamwaza mwenzio angalau saa nne kwa siku. Saa nne! Kiasi hicho kwangu kilikuwa kifungua kinywa. Walichokuta ni kwamba alama moja inayohusiana na serotonini ilikuwa imeshuka kwa wapenzi hao kwa kiwango kilekile cha wagonjwa wanaoandamwa na mawazo yasiyowaachia, wale wanaonawa mikono mara 50 au kurudi mlangoni kuhakikisha kufuli. Kiswahili hakikungoja Pisa. Siku zote tumesema fulani amekufa, ameoza. Hatukuwahi kumsifu kwa afya.

Sasa nirudi kwenye kikombe changu, kwa sababu kuna utafiti mwingine ambao ulininyima usingizi bila msaada wa kahawa. Huyu Arthur Aron niliyemtaja, akiwa bado kijana, mwaka 1974, yeye na Donald Dutton walichapisha habari za daraja la Capilano karibu na Vancouver, Kanada. Ni daraja la kuning'inia kwa kamba za chuma, urefu mita 137, chini yake bonde la mita 70, nalo linayumba. Walimweka msichana awahoji wanaume waliokuwa wakipita, awaoneshe picha waitungie hadithi, kisha awape namba ya simu eti wakitaka kujua zaidi kuhusu utafiti. Wakafanya vivyo hivyo kwenye daraja jingine la mbao, imara, fupi kwenda chini, lisilotisha mtu. Kati ya waliopokea namba kwenye daraja la kuning'inia, 9 kati ya 18 walipiga. Kwenye daraja imara, 2 kati ya 16.

Maelezo yao ni haya: mwili una mapigo ya moyo ya aina moja tu. Hofu ya bonde, mbio za ngazi, tamaa ya mtu, vyote hutumia ngoma ileile. Moyo ukidunda, akili hutazama huku na huku kutafuta kisa, na ikiona msichana mzuri amesimama mbele, inasema, aa, ni huyu. Wanaume 34 ni wachache, na mimi si mtu wa kubadili ndoa yangu kwa sababu ya daraja la Kanada. Hata hivyo nililala chali nikitazama chandarua. Kama bonde linaweza kufanya hivyo, vikombe vitatu vya kahawa chungu je? Huenda ningempenda yeyote ambaye angepita kwenye kona ile dakika ile. Huenda ningempenda muuza mihogo.

Lakini kahawa ina namna nyingine ya kuwaunganisha watu. Niliwahi kufanya kazi na kijana wa Bukoba kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji. Kila akirudi likizo aliniletea kahawa ambayo hainywewi. Wahaya huiita akamwani: tunda la kahawa linachumwa bado bichi, linachemshwa na majani yenye harufu, linakaushwa juani, kisha unalitafuna zimazima. Aliniwekea mbili tu kiganjani, kutoka kwenye kifuko cha majani makavu ya mgomba, akasema mgeni kwao hakai mkono mtupu. Ladha yake ya kwanza ni ya majani, kama umeuma ukingo wa shamba. Uchungu unakuja baadaye, taratibu, na haukuachii. Kahawa ya kwao ni robusta, ambayo kafeini yake inakaribia kuwa mara mbili ya ile ya arabika ya Kilimanjaro au Lushoto. Siku ile nilisoma prufu za kurasa 60 bila kuinua kichwa, na nusu ya makosa niliyosahihisha hayakuwa makosa.

Ni yeye aliyenieleza kwa nini zilikuwa mbili. Ndani ya tunda la kahawa kwa kawaida mna buni mbili, zimelaliana tumbo kwa tumbo. Zamani, kwa Wahaya na ng'ambo ya mpaka Buganda, watu wawili walipotaka kuwa ndugu wa kuchanjia, walipasua tunda moja, kila mmoja akajichanja karibu na kitovu, akapaka damu yake kwenye buni yake, na mwenzake akaimeza. Baada ya hapo nyumba yako ni yake, na ukimsaliti umejisaliti. Sijui mahali pengine ambapo binadamu ameitumia kahawa namna hiyo: hawakuchemsha, hawakutafuta kuchangamka. Waliangalia tunda wakaona wawili wamelala ndani ya ganda moja, wakasema, hiki ndicho tunachotaka.

Mbuni wenyewe hautengenezi kafeini kwa ajili yetu. Majani yake na buni zake zimejaa kafeini ili mdudu akiuma ajute, na yanapodondoka na kuoza chini huzuia miche mingine isiote karibu. Ni sumu, kwa lugha iliyonyooka. Lakini mti huohuo, wakati wa maua, hutia chembe ndogo ya sumu hiyo ndani ya nekta yake. Ndogo sana, chini ya kiwango ambacho nyuki angeonja uchungu. Mwaka 2013 Geraldine Wright na wenzake walionesha inafanya kazi gani pale: nyuki waliofundishwa harufu ya ua kwa sukari iliyotiwa kafeini walikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kuikumbuka harufu hiyo baada ya saa 24, kuliko waliopewa sukari tupu. Mmea haumlishi tu nyuki. Unamfanya asisahau.

Aliyewahi kupita kwenye shamba la kahawa baada ya mvua za kwanza, maua meupe yamefunika matawi kama mtu kamwaga unga, anajua harufu yake ikoje. Ni ya asmini. Karibu sana na asmini.

Sisi si nyuki, na sitaki kuvuta kamba mbali. Nasema tu kwamba katika jioni ile nimesahau nguo niliyovaa, nimesahau tuliongea nini baada ya lile la baridi, mzee wa kahawa uso wake umeniponyoka. Kikuba kile hakijanitoka. Nikipita sokoni kwenye sinia la maua, nina miaka 24.

Kila mwaka Ramadhani hunikumbusha upande wa pili wa biashara hii. Siku mbili tatu za mwanzo, ikishapita adhuhuri, nyumba nzima ya kwetu ilikuwa inatembea kwa kunyata kwa ajili ya baba. Mama alimfunga kitambaa kichwani, akasema ni kichwa cha funga. Alihesabu ni njaa, ni kiu, ni joto. Kwa sehemu kubwa ilikuwa viti. Baraza lilipanuliwa kwa miaka mingi, mgeni leo hakuja, na kila kiti cha ziada kimepata adenosini wake; mishipa ya damu kichwani inatanuka, kichwa kinagonga. Maumivu hayo huanza kati ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho, na yanaweza kukaa hadi siku tisa. Baada ya futari baba alichukua kikombe kimoja, na kabla ya tarawehe kitambaa kimeshatupwa kwenye kiti. Tangu mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani wameliandika jambo hilo katika kitabu chao kikuu cha maradhi. Mama angecheka.

Mke wangu na mimi tuliwahi kuachana, kabla ya ndoa, miezi minne. Sababu ilikuwa ya kijinga na ilikuwa yangu. Nilijua kiasi gani cha mwili wangu kilikuwa kimejipanga upya kumpokea pale tu asipokuja. Niliamka saa tisa usiku nikiwa na neno la kumwambia. Nilipita kwenye ile kona bila haja. Fisher na wenzake waliwarudisha watu kwenye mashine, matokeo yakatoka mwaka 2010, safari hii watu 15 waliokataliwa karibuni na wapenzi wao, nao wakioneshwa picha ya yule aliyewaacha, chemchemi ileile ilikuwa bado inawaka, pamoja na sehemu zinazowaka kwa mraibu wa kokeini anayetamani dozi. Hilo nilikuwa nalijua tangu Ngamiani. Mtu akiachwa mapenzi hayazimi. Mgeni hakuja, na viti vyote viko pale.

Sisi husema fulani amenikata maini. Si moyo, maini. Nimekuwa nikilifikiria neno hili tangu nijue kwamba ni ini ndilo linaloivunja kafeini. Kwa mtu mzima wa kawaida ini huondoa nusu yake kwa saa tano hivi. Kwa mvuta sigara huenda haraka zaidi. Kwa mama mjamzito wa miezi ya mwisho inaweza kuchukua saa 15. Mdogo wangu wa kike alipokuwa na mimba kikombe cha asubuhi kilimkeshesha hadi alfajiri ya pili, na akamlaumu mtoto. Kwa kahawa, basi, ini linatosha, lina ratiba yake na halikosei sana. Kwa mambo mengine sisi wa pwani tulishajua kwamba linaweza kukatwa tu.

Marazziti aliwarudia baadhi ya watu wake baada ya mwaka mmoja na zaidi. Serotonini ilikuwa imerudi mahali pake. Zile saa nne za mawazo zilikuwa zimekwisha. Nilipoisoma sentensi hiyo mara ya kwanza nilihisi kama nasoma tangazo la msiba, lakini sasa naona ni rehema. Nani angefanya kazi? Nani angelea? Kisha mwaka 2012 Bianca Acevedo, pamoja na huyu Aron asiyechoka, akachapisha picha za ubongo za watu 17 waliokaa kwenye ndoa kwa wastani wa miaka 21 na wanaosema bado wanapenda sana. Chemchemi ya dopamini ilikuwa inawaka wakiona uso wa mwenzi. Ileile ya vijana. Kilichopungua ni wahaka.

Juzi asubuhi nilimwambia mke wangu habari yote. Siku hizi ana amri: kikombe kimoja, naye ndiye anayekipima, halafu anaketi mbele yangu na chai yake ya rangi ahakikishe sijiongezi. Nikamweleza adenosini na viti, nikamweleza daraja la Kanada, mwishowe nikamkiri kosa: siku ile ya Ngamiani nilikuwa nimeshakunywa vikombe vitatu, na kwa hiyo, kisayansi, lile tetemeko ambalo nimelisimulia miaka yote hii lina utata.

"Najua vilikuwa vitatu," akasema.

"Umejuaje?"

"Nilikuwa juu kwa shangazi, nyuma ya pazia. Nilikuwa nahesabu. Nilitaka nione kama utangoja." Akanyoosha mkono akachukua kikombe changu, kilichobaki robo. "Nikaona cha tatu, nikasema huyu sasa atakufa, ngoja niteremke."

Nikabaki nimeduwaa. Miaka yote hiyo. Nikamuuliza, na wewe je, moyo ulikuwaje siku hiyo? Maana wewe nawe ulikuja mbio mbio, nakumbuka maua yalikuwa yakidondoka.

"Mimi kahawa sinywi, wajua," akasema, akaimwaga ile robo kwenye kopo la mrehani.